Mikono ya Mwanatumu

Mwanatumu binti Abdulhalim alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja alipoajiriwa kupiga taipu katika afisi yetu ya kutoa mizigo bandarini, mwanzoni mwa mwaka 1966. Mimi ndiye niliyemwonyesha kiti chake. Naitwa Faraj, nilikuwa karani wa majalada pale, na nayaeleza haya kwa sababu nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, na sehemu ya ubaya uliompata ilitoka kinywani mwangu.

Afisi ilikuwa Mbaraki, ghorofani, juu ya ghala lililonuka ngozi mbichi mwaka mzima. Mwenyewe alikuwa Bwana Hamid, mtu mrefu, msafi, kanzu imepigwa pasi hata mikunjo yake inakata. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikukasirikia alishusha sauti, na akitaka kukuumiza alingoja kwanza wageni waingie.

Babake Mwanatumu alikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa Bondeni na mamake, Bi Mwanaesha, chini ya ami yake Kamaludin. Huyu Kamaludin alikuwa fundi wa taipureta, na kwa miaka ile hakuna afisi kisiwani iliyokuwa haimjui. Karakana yake ilikuwa Mji wa Kale, ghorofani pia, mwisho wa ngazi ya mbao iliyosimama kama ukuta. Mwanatumu alikulia mle. Alianza kusafisha herufi kwa mswaki na spiriti kabla hajahitimu Kurani, akajifunza kupiga taipu kwenye mashine za watu zilizokuwa zikingoja wenyewe waje kuzichukua. Alipokuja kwetu aliletwa na ami yake mkononi. Bwana Hamid alimwambia Kamaludin, "Fundi, nampokea kwa sababu yako." Maneno hayo yalisemwa kwa tabasamu, na sote tuliyaona ni ya heri.

Naye alijua kazi. Alikuwa akivua ukaya wake wa kichwani, akiukunja na kuuweka katika mtoto wa meza, kisha anaanza, na sauti ya mashine yake ilikwenda mfululizo kama cherehani ya mshoni aliyezidiwa na nguo za Idi. Orodha ya shehena yenye kurasa kumi aliimaliza kabla ya adhuhuri. Miezi sita hakurudishiwa karatasi hata moja. Mwezi wa saba, siku za Maulidi, afisi ikafungwa, na mashine ikapelekwa kwa Kamaludin kusafishwa kama ilivyokuwa ada kila mwaka. Ikarudi inang'aa.

Siku chache baadaye ndipo ilipoanza. Mwanatumu alikuwa katikati ya mstari, sauti ikakatika. Akabonyeza tena. Chuma cha herufi kiliinuka nusu, kikasita, kikarudi chini bila kugusa karatasi. Akajaribu herufi nyingine, ikafanya vivyo hivyo. Kibodi kizima kilikuwa kimekufa. Akaisukuma mashine kidogo ili achungulie ndani, akabonyeza tena, ikaandika kama kwamba hapakuwa na neno.

"Imenikatalia," akaniambia.

"Mbona yaandika?"

"Sasa yaandika."

Ikawa ndio mtindo. Siku mbili mashine ni nzima, siku ya tatu inagoma mara saba. Pengine iligoma waziwazi. Pengine ilipiga kwa unyonge, herufi ikatokea kwenye karatasi ya juu lakini isishike kwenye nakala za chini ya kaboni. Mwanatumu alibadilisha utepe wa wino. Alibadilisha karatasi. Aliosha vyuma vya herufi kimoja kimoja, akavikausha, akatia mafuta tone moja moja kwa ncha ya sindano. Aliniomba nibonyeze huku yeye ameinamia tumbo la mashine kwa kioo cha mkono. Kila tulipoitazama, ilifanya kazi.

Bwana Hamid alianza kugundua. Siku moja walikuwapo wageni watatu wa meli, wamekaa wanakunywa kahawa. Alimwita Mwanatumu, akamwambia anyooshe mikono juu ya meza, viganja juu, kisha viganja chini. Vidole vyake vilikuwa na hina ya harusi ya binamu yake.

"Tazameni," Bwana Hamid akawaambia wageni kwa ile sauti yake ya chini. "Mikono ya kukuna nazi hii. Nami nimeipa mashine ya Kizungu."

Wageni wakacheka. Mimi pia nilicheka. Mwanatumu aliendelea kunyoosha mikono mpaka alipoambiwa airudishe.

Kamaludin akaitwa. Alifika na mkoba wake, akasalimu kila mtu kwa utaratibu, akaomba nafasi. Sisi tukasogea. Aliinama juu ya mashine kwa muda, mgongo umetuelekea, akagusa hapa na pale, kisha akakaa akaandika ukurasa mzima wa Bismillahi na majina ya miezi. Hakuna herufi iliyokwama.

"Mashine nzima hii," akasema.

"Ami, jana imenigomea mara tisa," Mwanatumu akasema polepole.

"Chuma hakisemi uongo, mwanangu. Punguza haraka."

Baada ya hapo mashine ilikwenda vizuri kwa siku nne. Kisha ikaanza tena. Akaitwa tena, akafika tena, ikapona tena. Bwana Hamid alikuja na adhabu mpya: kila herufi iliyokosekana, Mwanatumu aiandike kwa kalamu mara mia, amesimama, kwenye dirisha linalotazama ngazi, ambapo makuli na makarani wa afisi za jirani walikuwa wakipita. Walimpa jina. "Mwana wa Mia" walimwita, na kuna waliopanda ngazi bila shughuli, wapate kumwona tu.

Mtu mwingine angaliacha kazi. Yeye alichukua daftari, akaanza kuandika siku na saa. Jumatatu, tangu asubuhi. Jumanne, mara mbili. Alhamisi, tangu asubuhi. Baada ya majuma matatu alinionyesha. Ugonjwa ulianza daima Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine ulikuwa ni mabaki yake.

"Faraj, Jumatano jioni na Jumamosi mchana hapa hufanyika nini sisi tukishaondoka?"

Nikafikiri. "Mbeyu husugua."

Mbeyu alikuwa mama wa Kigiriama aliyesafisha jengo lote. Mwanatumu alimngoja mlangoni.

"Mama Mbeyu, ukisugua meza yangu, mashine waifanyani?"

"Naiinua, mwanangu, nafuta chini yake, naiweka. Nimevunja kitu?"

"La. Hukuona kitu chochote chini?"

"Kipande cha ngozi tu, kidogo hivi, cheusi. Nakitupa. Halafu nikija siku nyingine nakikuta kingine. Nilidhani ni panya wanaleta."

Alikuwa nacho kimoja ndani ya ndoo ya taka. Mwanatumu alikipokea, akakigeuza. Ukubwa wake ulikuwa wa kucha ya dole gumba. Akarudi mezani, akaiinua mashine upande wa nyuma kushoto, akakiweka chini ya mguu. Akaandika: safi. Akakitoa, akaandika: mstari wa pili ikagoma. Tukafanya hivyo mara kumi na mbili, mimi nikiweka na kutoa, yeye akiandika. Mara kumi na mbili haikukosea. Akaweka rula juu ya kiunzi cha mashine, akafumba jicho moja.

"Imepinda," akasema. "Mguu mmoja hauigusi meza. Ikikaa bila hiki, mwili wote wajipinda, vyuma vyabanana. Ikisogea kidogo kwenye mbao za meza, yaweza kupata pahala pake ikapona. Ndiyo maana." Nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu Maulidi. Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Imeangushwa, Faraj. Na hii ngozi mimi naijua. Ni ya mikanda ya mabegi. Nilikuwa nikiikata mimi, kwa makasi ya ami."

Hakwenda kwa Bwana Hamid. Alikwenda kwanza Mji wa Kale, kwa adabu zote, akambusu mkono ami yake, akakaa chini, akakifungua kipande kile kutoka kwenye pindo la leso. Haya alinisimulia kesho yake asubuhi.

Kamaludin hakukana. Alimwambia aliteleza akishuka ngazini, mashine ikamtoka, ikapiga vipandio vitatu.

"Niliinyosha nilivyoweza. Nikasema nitaimaliza mwakani ikirudi."

"Ami, nasimamishwa dirishani kila siku. Na wewe wanitazama."

"Sikiza. Wewe ukitoka pale utaolewa. Abdulghafur yuwangoja Idi ipite. Mimi nikisemwa kwamba naangusha mashine za watu na kuficha, kesho watakuja wote, mmoja mmoja, wachukue zao. Nina miaka sitini. Niende nikauze nini?"

"Basi sema tu kwamba yahitaji kunyoshwa. Usiseme kwa nini."

Alifikiri, akakubali. Alimwahidi kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe aseme.

Lakini Ijumaa karatasi zikarudi kutoka forodhani. Kwenye nakala ya nne tarakimu moja haikushika, hesabu ya magunia ikatofautiana na ya karatasi ya juu, na kahawa ya watu ikabaki gatini huku meli inang'oa nanga. Wenye kahawa walipanda ngazi wakiwa wanne, na hao hawakunywa chochote.

Jumamosi saa nne Bwana Hamid alitukusanya chumbani kwake pamoja na wale wanne. Mashine aliamuru niilete juu ya meza yake mwenyewe. Kamaludin alikuwa ameitwa, amekaa, mkoba juu ya magoti.

"Fundi," Bwana Hamid akasema, "wewe ni mtu wa swala tano. Mbele ya watu hawa walioharibikiwa, niambie. Mbovu ni mashine au ni mtu?"

Mwanatumu alikuwa akimtazama ami yake. Mimi nilimwona, alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake tu.

Kamaludin akasafisha koo. "Mashine nzima," akasema. Na kana kwamba hilo halikutosha, akaongeza, "Kosa ni langu, Bwana Hamid, ningekwambia mapema. Mtoto huyu tangu udogoni mikono yake yatetemeka. Humjia na kumwacha. Tulisitiri, kwa sababu ana mchumba."

Ilikuwa uongo mtupu. Hata Bwana Hamid aliinua macho.

Mwanatumu alikwenda mezani, akaiinua mashine, akaonyesha mguu wa nyuma. "Bwana Hamid, mashine hii ilianguka, imepinda. Huwekewa ngozi hapa ili ifanye kazi. Leo hapana ngozi. Tazama itakavyogoma." Akatia karatasi, akaandika.

Ikaandika. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaongeza kasi, ikamfuata. Akaandika nusu ukurasa, kila herufi nyeusi, imekaa mahali pake. Sijapata kusikia taipureta ikienda vizuri namna ile. Mmoja wa wale wanne akaguna. Jasho lilikuwa likimtoka Mwanatumu chini ya nywele, naye anaendelea tu kupiga, anaiomba mashine ikwame.

"Basi," akasema Bwana Hamid.

"Faraj aliona!" akageuka kwangu. "Juzi tumeijaribu mara kumi na mbili. Faraj, waambie."

Watu wote wakanitazama. Bwana Hamid alinitazama kuliko wote, na nyuma ya macho yale niliona dirisha lile la ngazi na mimi nimesimama kwenye nafasi yake.

"Sikumbuki vizuri, Bwana," nikasema. "Tulijaribu jaribu tu. Mara iliandika, mara haikuandika."

Mwanatumu aliinamisha kichwa. Alikwenda mezani kwake, akatoa ukaya wake, akaufunga. Nilipewa kazi ya kumsindikiza hadi nje, asije akachukua kitu. Tulipofika katikati ya ngazi alisimama ghafla, akashika ukuta.

"Ni kile kitambaa," akasema. "Meza ya Bwana Hamid ina kitambaa kinene. Miguu imezama, imejaza pengo. Faraj, rudi, mwambie aiweke juu ya mbao. Dakika moja tu. Nangoja hapa."

Nilipanda. Nilifika mlangoni nikasikia wale wanne wanazungumza na Bwana Hamid, na Kamaludin anawaitikia. Nikasimama pale, nikahesabu pumzi zangu, kisha nikashuka.

"Amekataa," nikamwambia.

Alinitazama kitambo. Akasema, "Hukumuuliza," akaenda zake.

Jumatatu niliambiwa nikalie kiti chake mpaka apatikane mwingine. Niliirudisha mashine juu ya meza ya mbao, iliyokuwa imesuguliwa na Mbeyu vizuri. Ilinigomea kwenye neno la tatu. Bwana Hamid alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitazama chuma kilivyoinuka nusu na kurudi. Akainama, akausukuma mguu ule kwa kidole, mashine ikayumba.

"Nitaagiza nyingine," akasema. "Na hili jambo limekwisha."

Alijua basi, tangu siku hiyo. Hakumwita msichana, na Kamaludin aliendelea kuitwa.

Habari za mikono yenye kutetemeka zilifika Bondeni kabla ya magharibi ya Jumamosi ileile. Kufikia Jumanne zilikuwa zimegeuka kifafa. Mamake Abdulghafur alirudisha salamu za posa kwa mdomo wa mtu mwingine, na Abdulghafur mwenyewe, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuwa akibadilisha ndia asipite mbele ya nyumba ile. Wanawake waliokwenda kumjulia hali Bi Mwanaesha walikunywa chai wakimtazama binti yake vidole alipokuwa akimimina. Kwa sababu ya kutazamwa, alianza kumwaga.

Lakini lililowakera zaidi watu wa ukoo lilikuwa jambo jingine, kwamba alimkadhibisha ami yake, walii wake wa kumwoza, aliyemlea, mbele ya watu wa nje. Bi Mwanaesha alikuwa mjane, nyumba aliyolala ilikuwa ya Kamaludin. Alimwambia binti yake maneno ambayo jirani aliyasikia dirishani: "Najua husemi uongo. Lakini nenda kamuombe radhi, nisije nikatolewa nje uzeeni."

Akaenda. Ilifanywa baada ya swala ya Ijumaa, ukumbini kwa Kamaludin, wakubwa wa ukoo wamekaa. Mwanatumu aliingia, akapiga magoti, akambusu ami yake mkono na kichwa, akasema amekosa. Kamaludin alimsamehe kwa sauti ya kusikika. Nimeambiwa alitokwa na machozi, na waliokuwapo waliyasifu machozi yale kwa muda mrefu.

Miaka mitatu ikapita. Mimi nikawa mkuu wa makarani. Mwaka 1969 Kamaludin akafa kwa maradhi ya moyo, na jeneza lake lilibebwa na watu wengi hata ndia ikaziba kutoka msikitini mpaka makaburini. Nilihudhuria hitima. Aliyesimama kumwombea alisema kwamba marehemu alikuwa fundi asiyejua kudanganya. Tukaitikia amina, tukaletewa biriani. Nilikula.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kazi, nilikwenda Bondeni nikabisha hodi. Alifungua yeye, nusu mlango. Alikuwa hajaolewa. Alikuwa amekonda, amejifunga leso kichwani, na mikono ameificha ndani ya leso ya pili. Nikamwamkia, akaitika vizuri. Nikamwambia niliyokuja kusema: kwamba nilikumbuka mara zote kumi na mbili, kwamba sikumuuliza Bwana Hamid, kwamba mashine ilinigomea mimi pia Jumatatu ileile.

"Bwana Hamid alijua?"

"Alijua."

"Na ami alijua. Na mama alijua. Na wewe." Alisema kwa utulivu kama mtu anayehesabu nguo za kufua. "Basi twajua sote. Sasa wataka nini?"

"Nataka unisamehe, Mwanatumu."

"Ami alinikosea, nikapiga magoti nikamuomba radhi. Na wewe pia wataka nikuombe?"

Alingoja kidogo, kwa adabu, aone kama nina jibu. Kisha akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, nikasikia komeo likiingia. Nikatazama saa. Siku ile kulikuwa na meli mbili gatini, na karatasi zake zilitakiwa kabla ya saa sita. Nikaenda kazini.